Kichupa cha mke na mume wa kweli: wacheze wenyewe au waigizaji?

Mwanafunzi wa sanaa Bagamoyo akipewa kazi ya kutengeneza kichupa (video) cha wimbo wa mapenzi ana njia mbili. Anaweza kuwachukua wenzake wawili wa darasani, akawapendezesha na kuwapeleka ufukweni. Au anatafuta mke na mume wa kweli, tuseme fundi mashua na mkewe anayekaanga samaki sokoni, na wimbo unakuwa maisha yao. Ubishi uko kwenye njia ya pili.

Wanaowataka wenyewe wana hoja moja nzito: mikono. Kijana wa miaka 22 anaweza kuigiza huba, lakini kalafati, yaani kuziba nyufa za mashua, haiigiziki. Fundi anasokota pamba, anaipachika kwenye upenyo wa mbao mbili, anaishindilia kwa patasi butu huku akisikiliza mlio wa nyundo. Mke naye anageuza samaki huku akihesabu chenji, macho hayako kwenye karai. Mweke mwigizaji hapo, na mtazamaji wa Dunda, hapahapa Bagamoyo, atacheka kabla ya kiitikio.

Upande wa pili unajibu kwa hesabu. Wimbo wa dakika tatu na nusu una sekunde 210. Ukibadilisha picha kila sekunde mbili na nusu, unahitaji picha 84, na kila moja irudiwe mara tatu kwa uchache. Hiyo ni zaidi ya mara 250 za kuambiwa "tena". Mwigizaji amekuja kwa kazi hiyo. Mtu asiyeizoea kamera, baada ya saa mbili, anaanza kutazama lenzi, anauliza kama bado sana, na mkewe ameshakumbuka wateja wake.

Halafu kuna suala la mdomo, na hapa ndipo kazi nyingi za wanafunzi huharibika. Ukitaka mwendo wa taratibu, unarekodi fremu 50 kwa sekunde na kuonyesha 25, yaani picha inapungua kasi mara mbili. Ili mdomo ulingane na wimbo, wimbo lazima upigwe kwenye spika kwa kasi mara mbili wakati wa kushuti, na anayeimba aufuate hivyo hivyo. Mwanamuziki aliyefanya mazoezi anaweza. Fundi mashua hawezi, na hakuna sababu ya kumtesa. Kwa hiyo swali la "wenyewe au waigizaji" limeulizwa vibaya tangu mwanzo. Mwimbaji aimbe, na wanandoa wafanye kazi zao wakiwa kimya. Zile picha za ujana wao, walivyokutana, walivyogombana, wapewe waigizaji, wapigwe kwa nyuma au kwa mbali pasipo kuonekana sura. Kumwambia mtu agombane upya na mkewe mbele ya vijana wenye kamera ni kuchokoza usichoweza kukituliza.

Wakiwa kimya hivyo, kamera ndiyo iwafuate, na saa zao ndizo ziwe ratiba. Bagamoyo inatazama mashariki: jua linachomoza baharini na kuzama nyuma ya mji. Anayeota picha ya wapendanao mbele ya jua linalozama majini amekosea pwani. Picha hiyo ipo alfajiri, kati ya saa 12 kamili na saa 12 na dakika 40 kutegemea mwezi, na baada ya nusu saa mwanga umeshakuwa mkali. Maji nayo yana saa zake. Kupwa na kujaa husogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ukiahirisha kwa wiki moja, saa ileile uliyokuta mashua imekaa mchangani utaikuta inaelea. Wakati wa bamvua maji hutoka mbali sana, wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo. Mwulize fundi mwenyewe, anajua kuliko programu ya simu. Ndani ya nyumba yenye taa za tyubu, kasi ya shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, iwe sekunde 1/50 kwa fremu 25, au 1/100 kwa fremu 50, la sivyo picha itapepesa.

Kadi ya kamera ya gigabaiti 64 inatosha kama saa moja na dakika 20 kwa megabiti 100 kwa sekunde. Nenda na mbili.

Hoja inayowapa nguvu zaidi wanaotaka waigizaji, hata hivyo, haihusu kamera. Ndoa huvunjika. Mke anaweza kuolewa kwingine, na kichupa bado kinazunguka kwenye simu za mawifi wapya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imefanya ridhaa kuwa jambo la kisheria, lakini karatasi moja iliyosainiwa na mume kwa niaba ya nyumba nzima haina maana yoyote. Mke aulizwe peke yake, na mwanafunzi wa kike, mbali na mumewe. Aambiwe wazi kitaonyeshwa wapi: darasani tu, kwenye tamasha, au mtandaoni. Hayo ni maswali matatu, na anaweza kukubali mawili akakataa la tatu. Ruhusa ya mwenye wimbo nayo iandikwe, hata kama ni rafiki wa bwenini.

Na tazameni kanga. Mke akija amejifunga kanga yenye fumbo la mke mwenza, mji mzima utasoma jina la kanga kabla ya kusikia ubeti wa kwanza, na wimbo wa mapenzi utageuka kijembe.

Kuhusu malipo, wengine wanasema pesa huharibu ukweli. Ukweli upi, wakati mama amefunga biashara siku nzima? Nunueni ndoo ya samaki ambao angekaanga siku hiyo, awakaange mbele ya kamera, nanyi mle. Fundi alipwe kutwa yake.

Kabla ya kufunga uhariri, kila mmoja aonyeshwe kichupa kwa wakati wake, kwenye simu, na aliyesema "hii itoe" asiulizwe kwa nini. Ndiyo maana siku ya kushuti mnahitaji picha 20 za akiba zisizo na sura ya mtu: mafuta yakichemka, vumbi la mbao, kamba majini, mlango wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Ikitolewa picha ya sekunde mbili na nusu, nyingine inakaa mahali pake na mdundo hautetereki.