Feni haina kosa, tazameni vumbi kwanza

Wallahi nimechoka na hawa mafundi wa "badilisha feni". Binamu yangu kapeleka laptopu kwa fundi mmoja hapa Lamu, jina simtaji, inachemka, ukifungua video inajizima, feni inavuma kama boti ya Mokowe. Akaambiwa feni imekufa. Yakhe, maiti inavuma? Kalipa, kafungiwa mpya, joto lile lile, jibu la pili likawa nunua nyingine!

Nikaifungua mwenyewe barazani. Unatoa skrubu za chini, unachomoa waya wa betri kabla hujagusa kitu, unanyanyua feni, na pale inapokutana na vile vibati vyembamba vya kutolea joto nikakuta vumbi limeshikana kama blanketi, nikalibandua kwa kibano likatoka zima zima. Feni inang'aa ya jana, uchafu uko palepale! Yani fundi kauona, akafunga. Sasa feni kazi yake ni kupitisha hewa kwenye vile vibati itoke na joto, njia ikizibwa hata utie feni tatu utapata kelele tu. Prosesa, yani ubongo wa mashine, ikikaribia nyuzi 100 inajipunguzia kasi yenyewe, ndio maana mashine inakuwa nzito kabla haijazima, na watu wanasingizia virusi. Virusi gani!

Na huku kwetu chokaa inadondoka ukutani, mchanga kila mahali, hewa ya chumvi na unyevu inaligandisha vumbi. Halafu mtu anaiweka laptopu juu ya godoro, tundu za hewa ziko chini.

Ukisafisha tumia brashi laini, na ukipuliza kwa blowa shika feni kwa kidole, ikizungushwa ovyo unaua beringi. Ile pesti ya kupitishia joto inayopakwa juu ya prosesa kama ina miaka imeshakauka, ifute upake mpya, kidogo tu.

Haya, nakubali feni hufa: haizunguki kabisa au inakwaruza, badilisha. Na kama kufungua unaogopa, kwenye Windows shusha kikomo cha prosesa (maximum processor state) kutoka asilimia 100 hadi 99, kwa mashine nyingi turbo, ile kasi ya ziada ya prosesa, inazimika na joto linapungua. Zile stendi za feni za kuwekea laptopu, zenye taa za bluu, sizisemi, zinapepea plastiki.

Ukienda kwa fundi usiiache ukarudi kesho. Kaa hapo hapo, afungue ukiona, akuonyeshe vile vibati, ndipo akutajie bei ya feni.