Mbao isiwe mkia wa somo la chuma

Pita Goba, Chanika au Kibada, pembezoni mwa Dar es Salaam, nyumba zinapopauliwa, utazame kilicho juu ya kuta. Ni mbao za paini zilizotiwa dawa ya kijani, 2 kwa 4 na 2 kwa 3, kenchi imegongwa misumari ya inchi nne, juu yake papi za 2 kwa 2, kisha bati. Sasa fungua daftari la mwanafunzi wa uhandisi ujenzi anayesoma usanifu wa miundo ya chuma na mbao. Chuma kimejaza kurasa: boriti, nguzo, bolti, kuchomelea. Mbao imebanwa mwishoni, ikasomwa katika wiki ambazo darasa zima linawaza mtihani.

Wapo wanaotaka ipunguzwe zaidi, hata iwe somo la hiari, na hoja zao si za wavivu. Kazi anayolipwa mhandisi wa Dar es Salaam ni ya chuma: maghala ya Barabara ya Nyerere, mapaa ya vituo vya mafuta, minara ya simu, madaraja ya waenda kwa miguu. Paa la mbao ni la fundi, na mwenye nyumba hamwiti mhandisi kuja kulihesabu. Kenchi za chuma chepesi nazo zimeingia, na mchwa hauzigusi. Hoja yao nzito kuliko zote inatoka sokoni: ubao unaouzwa hauna muhuri wa daraja la nguvu. Mhadhiri anaandika C24, moja ya madaraja ya nguvu ya mbao, ila aliyechukua ubao kwenye yadi za Keko hajui kama ni C24, ni C16, au hauna daraja lolote. Chuma cha S275, daraja la kawaida la chuma cha ujenzi, huja na cheti cha kiwanda. Ya nini kumfundisha kijana hesabu za namba ambayo haipo?

Hoja hiyo ni ya haki, lakini inasukuma upande wa pili. Chuma kinamlea mwanafunzi katika ulimwengu ambamo nguvu ya kitu imeandikwa kwenye jedwali na haibadiliki. Nguvu ya kukubali ya S275, yaani mkazo ambao chuma kikiuvuka hakirudi umbo lake, katika bamba la kawaida ni newtoni 275 kwa milimita ya mraba, mzigo ukae saa moja au miaka 50. Ubao hauko hivyo. Chini ya Eurocode 5, kanuni ya Ulaya ya usanifu wa mbao, ubao wa C24 uliofunikwa na paa una mkazo wa kupinda wa newtoni 24 kwa milimita ya mraba, lakini namba hiyo inazidishwa kwa kizidishi cha muda na unyevu, kisha inagawanywa kwa 1.3. Kwa mzigo wa kudumu kizidishi ni 0.6, zinabaki 11.1. Kwa mzigo wa muda mfupi ni 0.9, zinapatikana 16.6. Ubao uleule, sehemu ileile, majibu mawili. Mwanafunzi asiyepita hapa anahitimu akiamini kwamba nguvu ni tabia ya kitu pekee, wakati ni tabia ya kitu, muda na hewa kilimokaa.

Unyevu ndio unaoumiza zaidi hapa pwani. Mbao nyingi za paini zinateremka kutoka Mufindi, eneo la shamba la Sao Hill, na zinapofika yadi baadhi bado mbichi. Fundi anapaua Jumamosi, mwenye nyumba anahamia, ubao unaendelea kukauka huku umebeba mzigo. Chukua boriti inayobonyea milimita 6 siku ya kwanza kwa mzigo wa kudumu. Ikiwa ilifungwa kavu, kanuni inaiongezea 0.8 ya hizo 6, inaishia karibu milimita 11. Ikiwa ilifungwa mbichi na ikakaukia pale juu, kizidishi kinapanda kwa 1.0 na kuwa 1.8, unafika karibu 17. Dari iliyolala katikati ya sebule mara nyingi haikukosa mbao nene. Ilikosa mtu wa kuuliza mbao imekauka kiasi gani.

Na kuuliza huko si anasa ya nchi zenye muhuri. Kata kipande, kipime, kikaushe kwenye oveni ya nyuzi joto 103 hadi uzito uache kushuka, kipime tena. Kikianza na gramu 500 kikaishia 400, unyevu ni asilimia 25, kwa kuwa unagawanya kwa uzito mkavu. Kisha tazama nyuzi za ubao: zikikengeuka sentimita moja kwa kila sita za urefu, kwa kanuni za Uingereza za kupanga mbao laini kwa macho hapo ndipo mwisho wa daraja la kawaida, daraja bora linataka moja kwa kumi. Tazama fundo limekaa wapi, pembezoni upande unaovutwa au katikati. Kama soko halina muhuri, mhandisi ndiye muhuri, na hawezi kuwa muhuri wa kitu alichokisoma kwa siku chache. Hoja ya kwamba mbao haina daraja ni sababu ya kuongeza saa, na wanaoitumia kuzipunguza wameishika kwa makali.

Kuna kosa moja linalojirudia kwenye madaftari, nalo linazaliwa na kubanwa huku. Kanuni ya zamani ya Uingereza, BS 5268, iliondolewa mwaka 2010, lakini bado inatembea kwenye nakala za mihadhara. Ndani yake C24 ina mkazo wa kupinda wa 7.5, kwa sababu usalama umeshatiwa ndani ya namba, na mizigo inaingia ilivyo. Eurocode inatoa 24, na usalama unatiwa pande zote mbili, kwa kuikuza mizigo na kuipunguza nguvu. Mwanafunzi aliyetoka kwenye chuma, mkono umezoea vizidishi vya mizigo vya 1.35 na 1.5, anakuza mizigo kisha anailinganisha na 7.5. Ubao unatoka mnene kupita kiasi, naye anaandika hitimisho kwamba mbao haifai. Mwingine anafanya kinyume: mizigo bila kukuza, na 24 nzima bila kizidishi. Huyu amejipa nguvu zaidi ya mara tatu ya ile iliyokusudiwa, na karatasi yake inapendeza kuliko ya mwenzake.

Sasa upepo. Hapa ndipo kauli kwamba paa ni la fundi inaposhindwa, bila kumvunjia fundi heshima yoyote. Fundi wa paa anajua uzito. Uzoefu umemfundisha, kwa sababu uzito unamjaribu kila siku, na kenchi zake ni nadra kuanguka kwa kuelemewa. Upepo mkali haufundishi hivyo. Unakuja mara moja katika miaka mingi, na fundi aliyepaua nyumba mia anaweza asiwe ameuona hata mmoja. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia nguvu zikiwa zimeshapungua. Mwaka 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Kati ya miaka hiyo miwili vizazi vya mafundi vimepaua na kustaafu.

Hesabu yenyewe inaingia kwenye nusu ukurasa. Nyumba ina upana wa mita 8, kenchi kila mita 1.2, kwa hiyo kila kenchi inahudumia mita za mraba 9.6. Paa la bati na mbao zake lina uzito wa karibu kilonewtoni (kN) 0.25 kwa mita ya mraba. Tuseme upepo unanyonya kwenda juu kwa kN 1.0 kwa mita ya mraba. Inabaki 0.75 inayolinyanyua paa, yaani kN 7.2 kwa kenchi, kN 3.6 kila ncha. Ni kama kilo 360 zinazovuta kwenda juu pale kenchi inapokalia ukuta, na bado hatujakuza mzigo wa upepo kwa usalama. Nini kimeshika? Mara nyingi misumari miwili ya inchi nne. Msumari laini wa kipenyo cha milimita 4.5 uliozama milimita 50 kwenye C24, kwa fomula ya Eurocode 5 ya kung'oka, unafika kN 0.43. Miwili haifiki 0.9, na hiyo ni kabla ya kupunguza chochote. Umepungukiwa mara nne.

Jibu la haraka ni kuongeza misumari, na hapo ubao unatoa somo ambalo bamba la chuma halitoi kwa uwazi huo: misumari kumi kwenye ncha ya 2 kwa 4 inaupasua. Bila kutoboa kwanza, kanuni inataka milimita 45 kati ya msumari na msumari kufuata nyuzi, kwa kipenyo hichohicho, na karibu 68 kutoka ncha inayovutwa. Nafasi hiyo haipo. Kwa hiyo dawa ni bendi ya chuma inayozunguka kenchi na kushuka hadi kwenye mkanda wa zege, imezamishwa wakati zege linamwagwa, na misumari yake inabeba nguvu ya kukatwa kwa upande badala ya kung'olewa. Gharama yake ni ndogo sana mbele ya bati lililoruka, ila lazima mtu aifikirie siku ya kumwaga mkanda, kabla fundi wa paa hajafika.

Upepo huohuo unaigeuza kenchi. Ubao wa chini, uliozoea kuvutwa, sasa unagandamizwa. Ukiwa 2 kwa 4 uliosimama, na katikati ya mita 8 kuna ukuta mmoja tu wa kuushika kando, urefu huru ni mita 4 na uwiano wa wembamba, kipimo cha jinsi ubao ulivyo mrefu na mwembamba hivyo rahisi kupinda kando, unafika 277. BS 5268, kwa wepesi wake wote kwa kiungo kinachogandamizwa na upepo peke yake, iliishia 250. Ubao mmoja wa 2 kwa 3 uliopita juu ya kenchi zote katikati ya urefu huo, ukafungwa imara kwenye kuta za mwisho, unaushusha uwiano hadi karibu 139. Dari ikifungwa nayo husaidia, lakini nyumba nyingi hukaa miaka bila dari.

Anayetetea chuma atasema kugeuka huku kupo pia kwenye fremu za maghala, ambako ubawa wa chini unagandamizwa upepo unaponyonya. Ni kweli, na ghala lililofungwa vibaya linaua kama paa la nyumba. Sidai chuma kipunguzwe hadi kiumie. Saa zinaweza kutoka kwenye mifano mitano ya boriti inayotofautiana namba tu, ambayo Excel inaimaliza mara moja. Lakini kwa mwanafunzi anayejifunza, paa la mbao lina faida moja: ni jepesi, hivyo upepo unashinda mara moja na kila namba inaonekana kwenye karatasi moja, bila programu kuificha.

Wiki moja ya maabara ingetosha kuanzia. Vipande sita vya 2 kwa 4 kutoka yadi yoyote, vitatu vibichi na vitatu vikavu, vipimwe unyevu, vivunjwe kwa mzigo wa katikati, mwanafunzi aandike kila kimoja kimeanzia kuvunjika wapi, kwenye fundo au kwenye nyuzi zilizokengeuka. Vipande vilivyobaki vigongwe misumari na kung'olewa kwa mashine: seti moja iliyogongwa ikiwa kavu, nyingine iliyogongwa ikiwa mbichi kisha ikaachwa wiki kadhaa ikauke. Seti ya pili itatoka kwa nguvu ndogo zaidi, kwa sababu nyuzi zimesinyaa na kuachia msumari, na hivyo ndivyo kenchi nyingi za jiji hili zilivyogongwa.