Mafunzo ya Mawese Yahamie Penye Pipa

Ratiba ya semina za wakamuaji wa mawese Kigoma unaweza kuikariri bila kuhudhuria: ujasiriamali, mchanganuo wa biashara, masoko, chapa, picha ya pamoja, posho. Siku tatu ukumbini, pipa la kuchemshia halijaonekana. Kisha tunaulizana kwa nini mawese yetu yananunuliwa kwa bei ya mafuta ya kutengenezea sabuni.

Kwa sababu yana asidi nyingi, na asidi haianzii sokoni. Ngazi, yaani tunda la mchikichi, ikichubuka tu, kimeng'enya kilichomo kwenye nyama yake huanza kuvunja mafuta papo hapo, na kinachokizima ni joto. Sisi tunavundika mikungu siku nne, tano, hata wiki, ili ngazi ziachie zenyewe. Biashara ya kimataifa ya mawese ghafi kwa kawaida hutaka asidi isizidi asilimia 5. Kwa mvundiko wa wiki, kuipita hiyo si jambo la ajabu, na kuni hata hujawasha.

Sawa, kupukuchua mkungu mbichi ni adha, na wanaoachiwa kazi hiyo wengi ni kina mama. Basi wafundishwe njia ya katikati: pasua mkungu kwa shoka, tenganisha vishada, vifunike usiku mmoja, asubuhi pukuchua na uchemshe siku hiyohiyo. Ngazi zilizookotwa chini na zilizochubuka zitengwe; hizo ndizo za sabuni.

Kwenye pipa, funika kwa magunia mvuke usitoroke. Usiamini saa peke yake. Chomoa ngazi ya katikati, maana ya juu itakudanganya, uibonyeze: nyama ikiachana na kokwa bila ubishi, imeiva. Itwangwe na kukamuliwa ingali moto. Ikipoa, mafuta huganda na kubaki kwenye makapi. Makapi yakiwaka jikoni kama yamemwagiwa mafuta ya taa, usishangilie, hiyo ni hela yako inaungua.

Panapoharibika zaidi ni mwishoni. Ukishaengua mafuta juu ya maji, yarudishe kwenye moto mdogo mpaka yaache kuchacharika na mapovu yaishe. Kile kichacharo ni maji. Ukiepua mapema kuokoa kuni, maji hayo yataendelea kuvunja mafuta ndani ya dumu. Ukizidisha moto hadi moshi, wekundu unapotea. Dumu nalo liwe kavu, lijae, likae kivulini. Wanaotumia madumu ya dawa za shamba, sijui niseme nini.

Miche ya tenera, michikichi chotara inayotoka kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, huzaa kokwa zenye ganda jembamba kuliko za dura, aina ya zamani, kwa hiyo fundi afundishwe kurekebisha mashine isipasue mise, yaani kiini cha kokwa. Tope linalobaki baada ya kuengua mafuta lisimwagwe kijitoni.

Hesabu za biashara? Haya, zina kazi yake. Nusu siku inatosha.

Muda uliobaki, mkufunzi aje na shoka, pipa na vifaa vya kupima asidi: spiriti, kostiki soda iliyopimwa na dawa ya kubadili rangi. Mikungu iwe mafungu mawili: moja limevundikwa siku tano kabla hajafika, jingine limekatwa jana yake. Yote yakamuliwe na kupimwa mbele ya wakamuaji wenyewe. Posho wapewe waliobeba kuni.