Waacheni Watu Waishi Karibu na Riziki Zao

Wiki iliyopita, katika mkutano wa mtaa wetu hapa Dar es Salaam kuhusu urasimishaji wa makazi, yaani kupima na kumilikisha viwanja vilivyojengwa bila mpango, afisa aliyekuja na mchoro alitutangazia kwamba fremu zote za biashara zilizo mbele ya nyumba zetu ni ukiukwaji wa matumizi ya ardhi, kwa kuwa eneo letu limepangwa kuwa la makazi pekee. Wenye nyumba waombe mabadiliko ya matumizi na kuyalipia, la sivyo fremu zifungwe. Nilitoka pale nimekasirika, na hasira hiyo haijatulia.

Nyumba ya Kiswahili, ile ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma na baraza mbele, haijawahi kuwa mahali pa kulala tu. Barazani hupikwa vitumbua, chumba cha mbele huwa duka au huwekwa cherehani, na kodi ya vyumba vinavyobaki humsomeshea mwenye nyumba watoto wake. Kutenganisha kila kitu na mwenzake tulikurithi kwa wakoloni, ambao kwa kanuni za Wajerumani za mwaka 1891 na za Waingereza za mwaka 1924 waliugawa mji kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na eneo la Mnazi Mmoja likaachwa wazi ili watu wasichangamane. Majina hayo yameondolewa kwenye kanuni. Fikra yake imebaki kwenye michoro.

Jambo linaloniuma zaidi, hata hivyo, ni umbali. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu milioni moja wameongezeka katika miaka kumi, na wengi tumewasukumia pembezoni: Chanika, Msongola, Mbande, Mabwepande, na wengine wamevuka kabisa mpaka wa mkoa hadi Mkuranga na Kisarawe. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulifungua Kibada, Gezaulole, Bunju, Buyuni na Mwanagati, na ninakiri kwamba ulitoa hati na barabara zilizonyooka. Lakini ulitoa viwanja vikubwa kwa nyumba moja moja, mbali na ajira, na maji na usafiri vikaja kwa kusuasua. Mama lishe anayeishi huko na kuuza chakula mjini huamka usiku wa manane, hupanda bodaboda kisha daladala mbili, na sehemu ya faida yake huishia mikononi mwa makondakta kabla hajanunua mchele wa kesho.

Wakati huohuo, mabasi ya mwendokasi yanapita Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kivukoni, tangu Mei 2016. Shuka Manzese, ingia ndani hatua chache, utakuta nyumba za chini zilizobanana, zenye familia nzima katika chumba kimoja, huku anga lote lililo juu ya mabati likiwa halina kazi. Fedha ya umma imeileta barabara hadi mlangoni, nasi tunaendelea kupima viwanja vya nyumba moja moja kilomita 30 kutoka hapo! Maeneo yote yanayofikika kwa miguu kutoka vituoni yaruhusiwe kujengwa ghorofa tatu au nne, maduka na karakana ndogo chini, makazi juu, bila kumtaka mtu aombe mabadiliko ya matumizi. Majirani wenye viwanja vidogo wanaweza kuviunganisha, kwa kuwa tangu mwaka 2008 sheria inamruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake mwenyewe.

Nitaambiwa kuhusu kelele za baa na cheche za wachomelea vyuma. Sawa, hizo ziwekewe masharti. Nitaambiwa pia kuhusu ghorofa lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20. Msiba ule unadai ukaguzi wa kweli wa ujenzi, na ukaguzi huo tuudai kwa jengo la ghorofa moja kama kwa la kumi.

Hofu yangu ya kweli ni wapangaji, maana eneo likipanda bei wao ndio wa kwanza kuhama. Magomeni Kota imeonyesha kwamba si lazima iwe hivyo: kaya 644 zilizoondolewa katika nyumba chakavu zilijengewa maghorofa palepale, ingawa zilisubiri kwa miaka mingi mno hadi yalipozinduliwa Machi 2022. Kaya zile zilikuwa zinajulikana kwa orodha. Mpangaji wa chumba kimoja Manzese hana orodha, hana kiwanja cha kuchangia, na mkutano wa wenye nyumba haumwiti. Kwa hiyo idadi ya vyumba vya kodi anayoimudu iandikwe ndani ya kibali chenyewe cha ujenzi, na asiyekubali sharti hilo asipewe kibali.