Mweusi au Mdemocrat? Ugumu wa kusoma kura za Alabama

Mwaka 2021 wabunge wa Alabama, jimbo la kusini mwa Marekani, walichora upya mipaka ya maeneo bunge 7 yanayoliwakilisha jimbo hilo kwenye Kongresi. Watu weusi ni karibu asilimia 27 ya wakazi, lakini walipewa wingi katika eneo moja tu. Ukanda wa Black Belt, wenye udongo mweusi na historia ya mashamba ya pamba yaliyolimwa na watumwa, ulikatwa vipande, na wapigakura wake wengi wakamezwa na wingi wa Wazungu wa maeneo jirani. Juni 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji 5 dhidi ya 4, iliafiki uamuzi wa kuizuia ramani hiyo chini ya Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965, inayokataza ubaguzi wa rangi katika upigaji kura.

Jimbo lilijitetea kwa hoja isiyofaa kupuuzwa: kinachomwangusha mgombea anayependwa na watu weusi ni chama chake, si rangi. Doug Jones, Mdemocrat, aliangushwa mwaka 2020 kwa pointi 20 hivi akitetea kiti cha Seneti, naye ni Mzungu. Kenneth Paschal, Mrepublican mweusi, alichaguliwa mwaka 2021 kuingia bunge la jimbo kutoka kaunti ya Shelby, yenye Wazungu wengi.

Lakini tunajuaje nani alimpigia nani, na kura ni siri? Wataalamu huchukua matokeo ya kila kituo na kuyalinganisha na rangi ya waliojiandikisha hapo. Alabama huuliza rangi kwenye fomu ya kujiandikisha, kwa hiyo takwimu hizo zipo. Kituo ambacho karibu wote ni wa rangi moja hujieleza chenyewe; vilivyochanganyika hukadiriwa kwa hesabu. Hapo ndipo makosa hupenya, kwa kuwa Mzungu wa mtaa mchanganyiko wa mjini si lazima apige kura kama Mzungu wa kijijini. Hata hivyo, katika kesi hii pengo lilikuwa kubwa mno kuelezwa na kosa la hesabu: kwa wastani watu weusi waliwapa wagombea wao asilimia 92.3 ya kura zao, na Wazungu wakawapa wagombea haohao asilimia 15.4.

Takwimu hizo zinathibitisha mgawanyiko. Chanzo chake hazikisemi, na hapo hoja ya jimbo inabaki hai. Njia ya kawaida ya kuipima ni kutazama kura za mchujo, ambako wagombea wote ni wa chama kimoja. Kwa Alabama kipimo hicho kimedhoofika, kwani Wazungu wanaojitokeza kwenye mchujo wa Democrat ni wachache.

Kwa maoni yangu, jibu liko kwenye historia ya vyama vyenyewe. Hadi 1966 nembo ya Democrat wa Alabama ilikuwa jogoo mwenye maandishi ya kutukuza utawala wa Wazungu. Mwaka 1964 Barry Goldwater, Mrepublican aliyepinga Sheria ya Haki za Kiraia iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi, alilichukua jimbo hilo katika uchaguzi wa rais pamoja na mengine manne ya Kusini. Wazungu walianza kuhama chama wakati watu weusi wanapata kura. Leo wapo wanaochagua Republican kwa sababu ya kodi, dini au utoaji mimba, na kuwaita wote wabaguzi ni kuwakosea. Ila uzio unaotenganisha vyama hivyo Kusini ulijengwa kwa rangi.

Sheria sasa inadai rangi na chama vitenganishwe. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilisema mahakama za shirikisho hazitaamua kesi za kuchora mipaka kwa faida ya chama. Mei 2024, katika kesi ya South Carolina, ikamtaka mlalamikaji athibitishe kwamba kilichotawala ni rangi, si chama, na ikasisitiza umuhimu wa kuleta ramani mbadala inayolipa bunge faida ileile ya kisiasa bila kuwahamisha watu weusi. Mahali ambapo karibu kila mtu mweusi ni Mdemocrat, ramani ya namna hiyo ni vigumu mno kuipata. Mchoraji akisema “niliwahamisha Wademocrat”, amepona. Akisema “niliwahamisha weusi”, amenaswa. Waliohamishwa ni watu walewale.

Alabama yenyewe ilichorewa ramani nyingine kwa amri ya mahakama. Katika eneo la 2 jipya, watu weusi walikuwa karibu asilimia 49 ya wenye umri wa kupiga kura. Novemba 2024 lilimchagua Shomari Figures, Mdemocrat mweusi, siku ileile ambayo Donald Trump alilishinda jimbo zima kwa pointi 30 hivi.