Laptopu ya Shangazi Haijafa, Msiizike

Shangazi alinipigia simu Jumanne jioni kwa sauti ya mtu anayetoka matangani. "Mwanangu, laptopu yangu wameniambia imekufa."

Nikamwuliza kama inawaka. Inawaka. Kumbukumbu za chama zinafunguka? Zinafunguka. YouTube je? Alikuwa akitazama kwaya wakati huo huo tukiongea, na sauti ya tatu niliisikia vizuri kabisa. Sasa imekufaje?

"Kijana wa duka amesema Windows yake imeisha, na ile mpya haiingii. Anayo nyingine ya elfu 38. Hii yangu atanitolea elfu 4 nikimwachia."

Elfu 4! Core i5 ya Intel, kizazi cha 6, RAM GB 8, ex-UK aliyoinunua elfu 24 na ambayo mgongoni bado ina kibandiko cha shule fulani ya Uingereza. Nilimwambia asiiache hapo hata kwa dakika tano, maana mwisho wa hadithi hiyo naujua. Maiti ingepanguswa vumbi, ifufuke siku ya tatu, na kufikia Ijumaa iwe imeuzwa kwa mwanafunzi wa chuo kwa elfu 18, "safi sana hii, boss, haina shida."

Duka silitaji. Yako mengi ya namna hiyo, na tangu Oktoba 2025 yamepata wimbo mmoja.

Tusingizie kisicho na kosa? Hapana. Ni kweli kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuitunza Windows 10. Lakini kilichoisha ni matunzo, yaani apdeti za usalama, si mashine. Windows 11 ndiyo yenye masharti: inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel orodha yao inaanzia, kwa kiasi kikubwa, kizazi cha 8, yaani mashine zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2017. Wanasema ni kwa ajili ya usalama, na sitasema ni uongo. Ila angalia mstari huo unapita wapi. Ofisi za Ulaya zinatumia laptopu miaka yao minne mitano, zinaitupa, sisi tunaipokea Moi Avenue, Nairobi, tukishukuru. Mstari uliochorwa kwao kama utaratibu wa kawaida wa ofisi, kwetu umepita katikati ya meza ya chakula.

Najua pia kuna ule mwaka mmoja wa nyongeza hadi Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila kulipa ukikubali kufungamanisha kompyuta na akaunti yao. Haya. Wamejitahidi. Shangazi hakuambiwa hata hilo dukani, kwa sababu nyongeza haina kamisheni.

Sasa nije kwenye linalonichoma.

Njia ya kuiokoa mashine kama hiyo ipo: Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta unaokaa mahali pa Windows, na ambao msimbo wake, yaani maandishi yanayouunda, uko wazi kwa yeyote. Lakini kila tukizungumzia Linux na Windows hapa Nairobi, mtu atasema Linux ni ya bure na Windows ni ya kulipia, na cha bure kina walakini. Nacheka. Nani kati yetu amelipa? Windows 11 Home ni dola 139, karibu elfu 18 zetu, bei ya laptopu nzima ya mtumba. Ukitoa aliyenunua mashine mpya ikiwa na leseni yake ndani, na aliyepewa na kazi, tuliobaki tuna Windows ya fundi. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba tunalinganisha cha bure na cha kulipia. Tunalinganisha cha bure cha halali na cha bure cha wizi, na tumechagua cha wizi kwa sababu tumekizoea.

Na hicho cha wizi kina bei. Kakae nusu saa kwenye kibanda cha fundi yeyote mtaani kwenu uone Windows inavyowekwa. Mimi nimekaa. Kijana anachomoa flashi mfukoni, flashi ambayo tangu asubuhi imeshaingia kwenye mashine za watu tisa wasiojuana. Anaweka Windows. Halafu, kabla hajaifungua aktiveta, kile kijiprogramu cha kuidanganya Windows kwamba imelipiwa, anaingia kwenye mipangilio na kuizima antivirusi, kwa sababu antivirusi ikiiona aktiveta itapiga kelele. Hebu tusimame hapo kidogo. Umemtuma askari wa geti akanywe chai, ukamfungulia mgeni usiyemjua jina wala kwao, ukamkabidhi funguo za nyumba, ndipo ukamwita askari arudi kazini. Akirudi anamkuta mgeni amevaa kandambili, yuko sebuleni anatazama taarifa ya habari. Askari anadhani ni wa nyumbani.

Mwisho kabisa fundi anazima apdeti. "Zisiharibu aktivesheni, na pia zisikumalizie bando." Bob 500. Unamshukuru.

Kisha kwenye mashine hiyo hiyo unaingia benki, unaingia eCitizen ya huduma za serikali, na unaweka picha ya kitambulisho chako, pande zote mbili, kwenye desktopu, ikiwa na jina "ID mpya". Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipozunguka dunia kikifunga mafaili ya watu na kudai fidia, hadi hospitali za Uingereza zikawa zinarudisha wagonjwa, Microsoft walikuwa wameshatoa dawa yake, kwa njia ya apdeti, tangu Machi. Kiliwakuta ambao hawakuichukua dawa. Sisi tunamlipa mtu ahakikishe dawa haitufikii.

Na fundi mwenyewe simlaumu sana, ana kodi ya kibanda. Lakini hakuna mahali imeandikwa kwamba programu huria haiuzwi. Anaweza kuweka Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, akatoza elfu moja ya kazi yake, akaandika risiti, na asimwibie mtu yeyote duniani. Analipwa ufundi. Nilimweleza hivyo mmoja, akanitazama kwa huruma, akaniambia Linux ni ya wadukuzi. Mkononi alikuwa na simu ya Android, ambayo kiini chake ni Linux.

(Wa Mac, nyinyi mna shida zenu na pesa za kuzitatulia. Tutaonana siku nyingine.)

Mimi Linux niliipata chuoni, enzi Ubuntu, aina nyingine ya Linux, walipokuwa wanakutumia CD kwa posta bila senti, kabla hawajaacha mwaka 2011. Bahasha ilipofika nilidhani ni matapeli. Nani anakutumia kitu kutoka ng'ambo bila kukuuliza namba ya benki? Jina lenyewe, ubuntu, ni binamu wa utu wetu, na mwanzilishi wake, Mark Shuttleworth, ni wa Afrika Kusini. Na kwa sababu msimbo uko wazi, wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mradi wa Kilinux, walikuwa wameshaitafsiri OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi, kwa Kiswahili tangu 2004. Hawakungoja mtu Marekani aamue kama Waswahili ni soko.

Naona wa Linux mnapiga makofi. Tulieni, zamu yenu imefika.

Nyinyi ndio sababu mojawapo watu wanaikimbia. Mama wa watu anauliza namna ya kuongeza maandishi yawe makubwa, unamwambia afungue terminali, kidirisha cha kuandikia amri. Akiuliza terminali ni nini unamwambia asome kwanza. Mnahubiri kama waliookoka jana. Na huo usemi kwamba msimbo ukiwa wazi kila mtu anaukagua, hebu tuupunguze sauti: Machi 2024 ilibainika kwamba mtu alikuwa ametega mlango wa siri ndani ya XZ, kijiprogramu cha kubana mafaili kinachopatikana karibu kwenye kila Linux. Aliyeugundua ni Andres Freund, baada ya kushangaa mbona kuingia kwenye mashine kunachelewa kama nusu sekunde. Mwajiri wake ni nani? Microsoft. Ndiyo hivyo. Ni kweli kwamba aliweza kuufuata mlango huo hadi kwenye bawaba zake kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, lakini macho maelfu yalikuwa yamelala.

Na wako ambao sitawashauri kabisa wahame. Ukiishi ndani ya Photoshop, baki. Mhasibu mwenye Excel iliyojaa makro za bosi aliyestaafu, baki, na Mungu akusaidie.

Shangazi si hao. Jumamosi nikaenda Umoja na Mint 22 kwenye flashi, karibu GB 3, niliyoipakua kwa intaneti ambayo si yangu. Kwanza tukahamisha mafaili yake: picha za harusi tatu, kumbukumbu za chama tangu 2019, na mahubiri ya sauti yasiyohesabika. Kisha nikaiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa kitu ndani, ajionee mwenyewe kabla ya kukubali. Akaona kitufe cha menyu kiko pale pale chini kushoto. Akaridhika haraka kuliko nilivyotarajia.

Nikaiweka. Wi-Fi ikagoma.

Haikuonekana kabisa, kana kwamba mashine haijawahi kuwa nayo. Driva yake, kijiprogramu cha kuiendesha, ilikuwa mtandaoni, na mtandao ndio tulioukosa. "Si ulisema hii ni bora kuliko ile?" Shangazi alisema bila ukali, akimenya viazi. Nilichomeka simu yangu kwa waya wa USB, nikamgawia laptopu bando langu, nikafungua kidirisha cha driva, nikachagua, nikazima nikawasha. Dakika kumi za jasho. Wi-Fi ya jirani ikajitokeza ya kwanza, kisha yake. Nawauliza kwa upole: mtu asiye na mpwa anafanyaje hapo? Duka lile lile lililomwambia imekufa ndilo litakalomwokoa?

Kumbukumbu za chama zilifunguka kwenye LibreOffice, programu huria ya ofisi iliyomo ndani ya Mint, ila jedwali la michango lilisogea na mstari wa sahihi ya mwenyekiti ukarukia ukurasa wa pili, peke yake, kama mtu aliyekosa matatu. Niliurudisha kwa mkono, nikaipanga programu ihifadhi kwa docx, mtindo wa mafaili ya Word, ili mwenyekiti asijue kumetokea nini. Mint hiyo inatunzwa hadi 2029. Kibandiko cha shule tumekiacha.

Jana alipiga tena. Printa inachapisha lakini haiskani. Kisha akashusha sauti, akasema jirani wa mlango wa pili naye ameambiwa yake imekufa, na anauliza Jumamosi nitafika saa ngapi.