Hawakumuuliza hata umri

Mpwa wangu ana miaka 23. Hivi karibuni alipiga picha za kichwa chake, paji, panja, utosi na kisogo, akazituma WhatsApp kwa kliniki moja ya kupandikiza nywele ya Istanbul, Uturuki. Haikupita hata saa moja jibu likaingia: vipandikizi 4,000 (vishina vya nywele vya kutolewa kisogoni na kupandwa mbele), hoteli, gari la kumpokea uwanja wa ndege, na punguzo la bei akilipa kishika nafasi kabla ya mwisho wa mwezi. Hawakumuuliza ana miaka mingapi. Hawakumuuliza nywele zilianza kupungua lini, wazee wa kwao wana vichwa vya namna gani, ameshatumia dawa gani, wala kama akijikata hubaki na kovu la kuvimba. Walichotaka kujua ni tarehe ya safari.

Alinionyesha ujumbe ule akiwa na furaha ambayo sijaiona usoni mwake tangu amalize chuo. "Anko, nisaidie nauli tu, hayo mengine nakopa kazini." Nimekuwa na hasira tangu siku ile, na hasira yenyewe haimhusu yeye.

Niweke msimamo wangu wazi, maana kwenye kundi la familia nimeshalishwa maneno. Sijasema kupandikiza nywele ni utapeli. Sijasema mwanaume hana haki ya kujali sura yake. Nimesema kijana wa umri huu, ambaye nywele zake bado zinaanguka, asipandikizwe sasa, na anayekubali kumpandikiza bila kumuuliza umri anamchukulia kitu ambacho hakuna atakayeweza kumrudishia.

Kitu chenyewe ni nywele za kisogo. Vinyweleo vya mbele na utosini vinasinyazwa na homoni ya dihidrotestosteroni, mwaka baada ya mwaka, mpaka vinabaki kuotesha malaika tu. Vya kisogoni na ubavuni mwa kichwa vinaistahimili homoni hiyo, na ukivihamishia mbele vinaendelea na tabia ya kule vilikotoka. Norman Orentreich, daktari wa New York, aliliandika hilo mwaka 1959, na mpaka leo upasuaji wote huu umesimama juu yake. Lakini hakuna daktari anayetengeneza nywele mpya. Anazihamisha. Kisogo cha wanaume wengi kinatoa vipandikizi elfu tano au sita hivi, wengine zaidi kidogo, kwa maisha yao yote. Ukizidisha, kisogo chenyewe kinaanza kuonekana kimeliwa. Ni kiwanja kimoja cha urithi: ukishauza, umeuza. Sasa chukua 4,000 katika hesabu hiyo, kwa mkupuo mmoja, kwa mtu ambaye hajafika hata robo karne.

Zile nywele zitaota, sikatai. Wiki chache baada ya upasuaji zitapukutika, mwezi wa tatu au wa nne zitaanza kurudi, na kufikia mwaka mmoja kijana atakuwa na paji la uso la mtoto wa sekondari. Atafurahi, na nitafurahi naye. Shida ni nywele zake za asili zilizo nyuma ya zile zilizopandikizwa. Hizo hazina habari kwamba amelipa. Zitaendelea kuanguka akiwa na miaka 27, na 30, na 35. Mbele atakuwa na ukanda mnene wa nywele, nyuma ya ukanda huo uwazi unaozidi kupanuka, na akirudi kisogoni kutafuta za kuziba hazitoshi. Madaktari wanapima upara wa wanaume kwa kipimo cha Norwood, kilichotoka mwaka 1975, hatua ya kwanza hadi ya saba. Kwa picha za simu za kijana wa miaka 23, hakuna binadamu anayejua kama ataishia hatua ya tatu au ya saba. Daktari anayejiheshimu anasubiri aone upara unaelekea wapi. Huyu wa WhatsApp hakusubiri hata saa moja.

Vijana wananijibu kwa jina la Wayne Rooney. Ni kweli, alipandikiza mwaka 2011 akiwa na miaka 25, akatangaza mwenyewe Twitter. Na mwaka 2013 iliripotiwa kwamba amerudi kupandikiza tena. Rooney alikuwa analipwa na Manchester United. Mpwa wangu atakuwa bado analipa deni la safari ya kwanza.

Halafu kuna jambo ambalo matangazo yale hayaligusi, kwa sababu hayakuandikwa kwa kufikiria vichwa vyetu. Sisi tunanyoa. Mwanaume wa hapa ananyolewa hadi ngozi tangu darasa la kwanza, na hata akiwa mtu mzima mwenye kazi yake, mashine ya kinyozi huanzia sifuri kisogoni na juu ya masikio. Kwa hiyo mpwa wangu anaposema "isipokaa vizuri nitapiga upara tu," anaamini mlango wa kurudi uko wazi. Hauko wazi. Nywele za kisogoni hutolewa kwa njia mbili, na zote huacha makovu. Ukikatwa ukanda wa ngozi, unabaki na kovu la mstari linalopita kisogoni kuelekea masikio. Ukichukuliwa kinyweleo kimoja kimoja, ambayo ndiyo njia inayouzwa zaidi siku hizi, unabaki na vidoa maelfu ambapo hapaoti kitu, na kwenye ngozi nyeusi vidoa hivyo vinaweza kuonekana vyeupe. Kuanzia hapo, kunyoa hadi ngozi ni kuonyesha makovu. Njia rahisi kuliko zote, ambayo babu zake waliitumia bila kumlipa mtu yeyote, anaiharibu mwenyewe kabla hajaijaribu.

Na kisogo chenyewe kikoje? Ingia saluni yoyote ya kiume Sinza au Manzese, hapa Dar es Salaam, uangalie visogo vilivyokaa kwenye viti. Hukosi kuona wenye vile vipele vigumu vinavyokuja na kunyoa karibu mno na ngozi, na kwa wengine vimeshakuwa mafundo ya kovu. Ndipo hapo hapo daktari anapotakiwa kuchimba matundu 4,000. Sisi ndio watu ambao ngozi zetu zina wepesi zaidi wa kuota makovu ya kuvimba, na ndio ambao unywele wetu umejikunja hata ndani ya ngozi, kiasi kwamba kifaa kinachoingia kimenyooka kinaweza kuukata shina kabla haujatoka. Unywele uliokatwa shina umepotea, mbele haupo na kisogoni haupo. Wapo madaktari wenye uzoefu mkubwa na nywele kama zetu na wanazifanya vizuri sana. Tena kipilipili kina faida yake, kinafunika ngozi kubwa kuliko nywele zilizonyooka, kwa hiyo mara nyingi vipandikizi vichache vinatosha. Ile 4,000 imetoka kwenye kichwa cha nani?

Istanbul ina madaktari bingwa, hilo nalikubali kwa sababu ni kweli. Ina pia kliniki ambako daktari yuko kwenye bango na kazi inafanywa na mafundi tu, mpaka jumuiya ya kimataifa ya madaktari wa fani hii, ISHRS, imekuwa ikitoa tahadhari mwaka hadi mwaka. Dola 2,000 hadi 4,000 zinazotajwa kwa kawaida huko ni nafuu kuliko London. Kwa mtu anayelipwa kwa shilingi ni mamilioni, na tiketi bado.

Sasa niende upande ambao umenigharimu usingizi. Ndugu zangu mnaoandika "mwanaume hasifiwi sura, mwambieni atafute hela," nawaomba mnyamaze. Nilikuwepo kwenye sendofu ya dada yake. MC alishika maiki akawaambia mafundi wapunguze taa kwa sababu kuna kichwa kinaturudishia mwanga, akamnyooshea kidole. Ukumbi wote ulicheka, na mama yake, ambaye ni dada yangu wa damu, alicheka mpaka akafuta machozi. Kijana alitabasamu, akatoka nje, na wakati wa kulishana keki hakuwepo. Kazini wanamwita mzee. Watoto wa mtaani wanamwimbia kipara ngoto. Tangu mwaka jana hapigi picha bila kofia, na kila wikiendi kinyozi anamchora mstari wa mbele kwa piko ili uonekane haujarudi nyuma. Mtu wa hivyo ukimwambia ajipende alivyo, unamwachia mzigo aubebe peke yake wakati waliomtwisha ni sisi.

Na utani huu wa kwamba kipara ni pesa nao tuuache. Mwaka 2017 polisi wa Msumbiji waliwatahadharisha wanaume wenye upara baada ya watu kuuawa mkoani Zambezia, kwa imani kwamba vichwa vyao vina dhahabu. Walikuwa binadamu kama sisi watu wale.

Familia imeshaamua pia kwamba amerithi kwa wajomba, yaani kwetu. Sehemu moja muhimu ya urithi huu inapitia kwa mama, ndiyo, lakini upara unatoka pande zote mbili, na shemeji yangu naye avue kofia tumwone. Kofia yenyewe haisababishi upara, na helmeti ya bodaboda vilevile.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kijana amepanga kukopa mamilioni kabla hajakaa mbele ya daktari wa ngozi hata mara moja. Huenda asiwe hata na upara wa kurithi peke yake. Nywele zinapungua kwa tezi ya shingo, kwa upungufu wa madini ya chuma, kwa fangasi, kwa kusuka kwa kuvuta sana, na kila moja ina tiba yake. Hatuko nchi isiyo na wataalamu. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha kufundisha madaktari wa ngozi tangu mwaka 1992, na wanafunzi wake wanatoka sehemu nyingi za Afrika. Nenda uonwe kichwa, upimwe damu, uambiwe ni nini.

Na kama ni upara wa kurithi, dawa zipo, na kwa umri wake dawa ndizo za kwanza kwa sababu kazi yao ni kulinda nywele ambazo bado anazo. Minoksidili vijana wa Dar wanaijua kwa ndevu, wanaipaka bila kumuuliza mtu. Ilianza kama kidonge cha presha, na tangu mwaka 1988 Marekani imeruhusiwa kupakwa kichwani. Wiki za mwanzo inaweza kupukutisha nywele zaidi, na wengi huacha hapo wakidhani imewadhuru. Finasteridi ni kidonge, kiliruhusiwa huko kwa upara wa wanaume mwaka 1997, na kinapunguza utengenezwaji wa ile homoni yenyewe. Si dawa ya kununua kwa kunong'onezana. Wanaume wachache hupungukiwa hamu au nguvu za tendo la ndoa, wengine moyo unakuwa mzito, na wapo walioeleza kwamba hali hiyo iliendelea hata baada ya kuacha. Hayo mazungumzo afanye na daktari mwenye leseni, akiwa na muda wa kuuliza maswali. Zote mbili zinatumika mfululizo. Ukiacha, ulichokilinda kinaondoka baada ya miezi. Najua hilo linachosha kijana anayetaka jibu la wiki moja. Ila hata aliyepandikizwa kwa kawaida anashauriwa kuendelea na dawa ili nywele zake za asili zisimkimbie, na hilo nalo kliniki ile haikulitaja.

Jumapili nilimwita tukakaa barazani, sisi wawili tu. Sikumkataza. Nilimwambia nauli aliyoniomba nampa, lakini ianze kumpeleka kwa daktari wa ngozi, na dawa za mwaka wa kwanza nitazilipa mimi kama daktari ataziandika. Kila baada ya miezi mitatu atapiga picha mahali palepale, kwa mwanga uleule, nywele zikiwa kavu, ili tuone kwa macho kama upara unasimama au unaendelea. Akivuka miaka 26 au 27, upara umetulia, na bado moyo wake unataka, nitakaa naye kutafuta daktari atakayeshika kifaa kwa mkono wake mwenyewe, atakayetuonyesha watu wenye nywele kama zetu waliotimiza mwaka tangu wapandikizwe, na atakayetuambia kisogoni kutabaki akiba kiasi gani. Mchango wangu siku hiyo hataniomba mara mbili.

Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Na kwenye harusi ya Disemba, anko?" Harusi ya Disemba ni ya dada yake yuleyule, na MC ameshalipwa. Nimempigia simu mwenyekiti wa kamati nikamweleza kwamba mtu yeyote akishika maiki kumtania mtoto yule, nitasimama nimnyang'anye mbele ya wakwe. Dada, najua unasoma hapa. Na wewe nimekuhesabu.